Jiko la kioo lafika Kabungu: mchanga na jivu vibaki nje

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa habari za mahindi, mpunga, tumbaku na asali, na malalamiko ya kawaida kuhusu nauli za malori. Wiki hii tunaomba nafasi kwa bidhaa moja tu ya dukani, jiko la gesi lenye uso wa kioo. Linaingia katika nyumba za Mpanda na vijiji vya jirani, na mlaji anaweza kuliharibu kwa mikono yake mwenyewe katika wiki ya kwanza huku akiamini kwamba analitunza.

Tuchukue Kabungu, katika Wilaya ya Tanganyika, upande wa kuelekea ziwani. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa, na kwa vizazi vingi jiko la huku limekuwa mafiga matatu na kuni za miyombo. Sufuria ni ya aluminiamu. Ikitoka motoni imekuwa nyeusi tii, na baada ya mlo hupelekwa uani au kisimani, ikasuguliwa kwa mchanga na jivu hadi mtu aweze kujitazama ndani yake. Msichana aliyelelewa vizuri hujulikana kwa sufuria zake. Hakuna aliyekosea hapo, kwani mchanga na jivu havinunuliwi, masizi hayatoki kwa maneno matupu, na aluminiamu ikipungua kidogo kila siku hakuna anayehesabu.

Mkono huo huo, kwa bidii ile ile, sasa unakutana na kioo.

Soko lilivyofika hapa

Safari ya mteja kwa kawaida huanza na mtungi mdogo wa kilo 6, ule ambao kichomeo hufungwa juu yake na sufuria ikakaa hapo hapo. Mitungi hiyo imesukumwa sana vijijini. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukawa unasambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Mteja aliyeonja urahisi wa kupika chai bila kupuliza moto hakai hapo muda mrefu. Akipata fedha ya mavuno anataka jiko la mezani la pleti mbili, lenye mpira na regyuleta, ili maharage yaive upande mmoja na mboga upande wa pili.

Dukani anakuta aina mbili, lenye uso wa bati au chuma kisichoshika kutu, na lenye uso wa kioo. La kioo kwa kawaida huuzwa ghali zaidi, na hata hivyo ndilo linalovuta macho. Limechorwa maua, linameremeta chini ya taa, na muuzaji hulifuta kwa kitambaa kila mteja anapoingia. Huyo muuzaji anajua kulifuta. Tatizo ni kwamba hamwambii mnunuzi analifutaje, wala hamwambii kwamba sabuni ya unga, waya wa chuma na mchanga vilivyoko nyumbani kwake havifai.

Jiko la umeme lenye uso wa kioo, lile lisilo na kichomeo wala tundu lolote, ni jambo jingine, na huku halikuwahi kuwa bidhaa ya kuzungumzia. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli, na mtu hawezi kununua jiko la kula umeme mwingi ambapo taa yenyewe inabembelezwa. Tutaligusa baadaye, kwa kuwa vioo hivi viwili hufanana kwa macho tu.

Mchanga dhidi ya kioo

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mpanda wanalijua vizuri jiwe jeupe linaloitwa kwazi, maana dhahabu hupenda kukaa ndani ya mikanda yake. Jiwe hilo likisagika ndilo sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni. Katika kipimo cha ugumu wanachotumia wataalamu wa miamba, kinachoanzia 1 hadi 10, kwazi iko kwenye 7, na kioo cha kawaida kiko kati ya 5 na 6. Maana yake ni fupi: mchanga hukwaruza kioo, na kioo hakiukwaruzi mchanga. Hakuna namna ya kusugua polepole itakayobadili hesabu hiyo.

Jivu ni laini zaidi, na wapo wanaoapa kwamba jivu jeupe lililochekechwa halina madhara. Pengine ni kweli kwa jivu lililochekechwa. Lakini tuwe wakweli, nani anachekecha jivu jioni watoto wakiwa na njaa? Jivu la kuni zilizoburutwa chini lina mchanga ndani yake. Liache kwa ajili ya sufuria.

Adui wa tatu ni yule asiyeonekana kuwa adui, vumbi la kiangazi. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi huingia kila mahali, na mama mwenye jiko jipya hulipitishia kitambaa kikavu mara tatu kwa siku ili liendelee kung'aa. Vumbi hilo lina chembe za mchanga ule ule. Kitambaa kikavu kinazizungusha juu ya kioo kama msasa, na baada ya miezi michache kioo kinakuwa na ukungu usiotoka kwa sabuni yoyote, kwa sababu si uchafu, ni mikwaruzo maelfu. Kwa hiyo kioo chenye vumbi kifutwe kwanza kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, kwa mkono mwepesi, kitambaa kisuuzwe, ndipo kifutwe tena. Kukausha ni mwisho.

Kazi ya kila siku yenyewe haina gharama. Zima gesi kwenye mtungi, subiri jiko lipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kioo bila kukiondoa, kisha futa kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji. Kipande cha kanga kuukuu cha pamba ndicho kitambaa bora kuliko vyote, na kila nyumba inacho. Sabuni ya unga isiyoyeyuka vizuri ina punje, kwa hiyo kama ndiyo pekee iliyopo, iyeyushwe kabisa katika maji kwanza. Madoa meupe yanayoachwa na maji hutoka kwa ndimu au siki iliyochanganywa na maji.

Mafuta ndiyo yanayowashinda wengi. Anayekaanga migebuka kutoka ziwani anajua jinsi mafuta yanavyoruka. Yakifutwa siku hiyo hiyo yanatoka kwa sabuni. Yakiachwa siku tatu, yakapashwa moto kila mlo, yanakuwa gamba la rangi ya kahawia lililoshikana kama vanishi, na hapo ndipo mkono unapotafuta waya wa chuma. Usitafute. Chukua bikabonati, ule unga mweupe wa kuumulia keki unaouzwa dukani kwa pakiti ndogo, ukorogee maji kidogo uwe mzito, upake juu ya gamba, ufunike kwa kitambaa kibichi, na ukae kama robo saa. Gamba linalainika, linafutwa. Likibaki, rudia. Ni kazi ya subira, si ya nguvu, na hapa ndipo malezi ya kisimani yanapogoma, maana sisi tumefundishwa kwamba asiyesugua ni mvivu.

Kioo kinachovunjika bila kuaga

Kukwaruzika ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kioo kupasuka, na hapa mwandishi anasimulia lake.

Nilinunua jiko la pleti mbili, la kioo cheusi, katika duka moja ambalo sitalitaja. Miezi mitano lilikuwa fahari ya nyumba. Jioni moja maharage yalichemka yakamwagika, povu likaenea kuzunguka kichomeo. Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye ndoo ya maji ya mtungini, nikafuta huku moto ukiwaka upande wa pili. Ulisikika mlio kama wa bunduki ya kuwindia ndege, na kioo chote kikageuka chembe kama sukari guru iliyovunjwa. Nyingine zilirukia ndani ya maharage. Tulilala na chai. Nilipokwenda dukani kesho yake niliambiwa dhamana haihusu kioo, na kwa kweli karatasi ndivyo ilivyosema, kwa herufi ndogo ambazo sikuwa nimezisoma.

Kilichotokea kinaeleweka. Kioo cha majiko haya ni kioo kilichotiwa ugumu kiwandani. Bamba la kioo hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za sentigredi, kisha hupigwa na upepo baridi kwa ghafla. Ngozi ya nje inaganda kwanza, tumbo linaganda baadaye na kujaribu kusinyaa, na matokeo yake ngozi inabaki imebanwa kwa nguvu muda wote. Kubanwa huko ndiko kunakolifanya bamba liwe imara mara kadhaa kuliko kioo cha dirisha. Lakini ufa ukipenya ngozi hiyo mahali pamoja tu, nguvu yote iliyofungiwa inaachiliwa kwa mara moja, na bamba zima linasambaratika. Ndiyo maana kioo hiki hakikai na ufa kwa mwezi mzima kama cha dirishani. Ama ni kizima, ama ni chembe. Faida yake ni kwamba chembe hizo hazikati kama visu.

Maji baridi juu ya kioo cha moto ni njia moja ya kukivunja. Ya pili ni sufuria kubwa kupita kiasi. Majiko haya yalikusudiwa sufuria za familia. Mama lishe anayeweka sufuria ya kulisha watu thelathini, pana hadi inafunika kioo chote, anazuia joto lisitoke pembeni. Joto linarudi chini, kioo kinaiva kutoka juu, na makande yanahitaji saa kadhaa. Ya tatu ni ugali. Sufuria haigusi kioo, inakaa juu ya vyuma vyenye miguu, lakini msonge wa mwiko hupita kwenye miguu hiyo. Kusonga ugali wa watu kumi juu ya kioo ni kulipa jiko kazi ya kinu. Ugali mkubwa usongwe sufuria ikiwa imeteremshwa chini, imeshikwa kwa miguu kama siku zote, kisha irudishwe motoni.

Ipo na ya nne, ambayo inagusa uhai na si mali tu. Chakula kikimwagika mara kwa mara kinaziba matundu ya kichomeo. Moto unakuwa wa njano badala ya bluu, sufuria inaanza tena kushika masizi, na gesi inayokosa njia inaweza kuwaka chini ya kioo. Moto ukiwaka chini, kioo hakina muda. Kwa hiyo vichomeo viondolewe baada ya kupoa, vioshwe, matundu yazibuliwe kwa sindano au waya mwembamba. Njiti ya kiberiti haifai, inakatikia ndani. Vikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mpira nao ukaguliwe kwa povu la sabuni kwenye maungio: povu likichemka, gesi inavuja. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kukaa kwenye pembe, hivyo kutoisikia puani haina maana kwamba haipo.

Baada ya ajali yangu nilikwenda kwa fundi wa vioo vya madirisha, nikiwa na vipimo mkononi. Alikuwa tayari kukata bamba na kutoboa matundu. Nashukuru kwamba aliniuliza litawekwa wapi, na nilipomwambia akaweka kalamu chini. Kioo kilichotiwa ugumu hakikatwi wala hakitobolewi, kila tundu hutobolewa kabla ya kukitia ugumu. Kinachoweza kukatwa ni kioo cha kawaida, na hicho juu ya moto hupasuka kwa vipande virefu vyenye makali. Kwa upande wa vipuri, kila muundo wa jiko una matundu yake, na kioo cha muundo mmoja hakikai kwenye mwingine. Muuzaji wa Mpanda hana sababu ya kuweka akiba ya vioo vya miundo yote, kwa hiyo kuagiza ni kutoka Dar es Salaam, kwa lori au kwa behewa, bidhaa yenyewe ikiwa ni ile isiyopenda kutikiswa. Gharama na usumbufu huo vikijumlishwa, wengi huamua kununua jiko jingine zima.

Kwa sababu hiyo ukurasa huu unasema wazi jambo ambalo wauzaji hawatalifurahia. Mama lishe, mwenye mgahawa na mwenye nyumba ya watu kumi na zaidi anunue jiko la uso wa chuma, tena lenye miguu imara ya kukaa chini. Mtaji wake ni sufuria kubwa na saa nyingi za moto, na kioo hakikutengenezwa kwa ajili hiyo. Siku jiko likipasuka saa nne asubuhi, hasara yake ni ya jiko, ya chakula kilichoingiwa na chembe, na ya wateja waliokwenda kwa jirani. Jiko la kioo ni la familia ndogo, la mtumishi aliyepanga chumba, la mtu anayepika kwa sufuria mbili za kawaida. Huyo likimfaa litamfaa miaka mingi.

Kioo kingine kinachofanana na hiki

Sasa lile la umeme. Wapo watu wa Katavi wenye ndugu Dar es Salaam, Nairobi au Muscat ambao hurudi na habari za jiko ambalo sufuria inakaa moja kwa moja juu ya kioo, na kioo kinakuwa chekundu bila kuvunjika. Hicho si kioo kilichotiwa ugumu. Ni mchanganyiko wa kioo na kauri, na chanzo chake kilikuwa bahati. Mwaka 1953, katika kampuni ya Corning huko Marekani, mtaalamu S. Donald Stookey alikuwa akipasha kipande cha kioo kwa nyuzi 600, tanuri likakosea na kupanda hadi karibu 900. Alitarajia kukuta uji. Alikuta bamba jeupe, na lilipomponyoka na kuanguka sakafuni halikuvunjika. Mwaka 1971 kampuni ya Schott ya Ujerumani ilitoa nyuso za majiko za aina hiyo kwa jina la Ceran. Siri yake ni kwamba karibu halitanuki likipata joto, kwa hiyo maji baridi hayalitishi kama linavyotishwa la gesi.

Hata hivyo lina udhaifu wake. Sufuria ya aluminiamu ikiburutwa juu yake huacha mistari ya kijivu. Sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga na ikabaki na punje chini ya kitako hulichora kama kalamu, na ile yenye kitako kilichobonyea haishiki moto sawasawa. Kubwa kuliko yote ni sukari. Sukari, jamu au asali ikimwagika juu ya uso wa moto hushikana na kioo, na ikipoa inaweza kung'oka na vipande vya uso wenyewe, ikaacha mashimo. Katika mkoa wa asali kama wetu hili si jambo la kupuuza. Hiyo ndiyo uchafu pekee usiosubiri jiko lipoe: zima, vaa kitu cha kukinga mkono, ikwangue ikiwa bado laini kwa ubapa wa wembe uliolazwa kwenye mshikio wake, uisukume hadi mahali pa baridi. Mengine yote yasubiri.

Wembe huo usipelekwe kwenye jiko la gesi bila kuangalia. Maua yale kwa kawaida yamechapwa upande wa chini wa kioo, lakini yapo majiko yaliyochapwa juu, na huko wembe unaondoka na maua.

Kuhusu majiko yaliyotumika

Majiko ya kioo ya mkono wa pili yameanza kuonekana, hasa watumishi wanapohamishwa. Mnunuzi asiyakague kwa kuyatazama kutoka juu, kwani kutoka juu yote yanang'aa. Ainame hadi jicho liwe usawa wa kioo, mwanga ukiwa mbele yake. Mikwaruzo yote itajionyesha, na ataweza kujua kama mwenye jiko alikuwa mtu wa kanga au mtu wa mchanga. Kisha apitishe ukucha kuzunguka kingo na kwenye duara za vichomeo. Mikwaruzo ya juu juu ni sababu ya kupunguza bei. Kidonda kwenye ukingo, hata kidogo kama punje ya mtama, ni sababu ya kuondoka, maana huko ndiko kioo kilichotiwa ugumu kinakoanzia kusambaratika. Aliwashe pia, vichomeo vyote viwili, na atazame rangi ya moto.

Langu mimi nililifungia bati kwa fundi wa bati, aliyekata matundu mawili kwa ustadi na kukunja kingo. Linapika kama kawaida, na ugali unasongwa bila hofu. Nilipolipeleka sokoni mwezi uliopita nilipewa ofa moja tu, pungufu ya nusu ya bei niliyonunulia, na aliyetoa ofa hiyo alitaka mtungi na mpira viwe humo humo. Nimelirudisha nyumbani.